Fundi Aliyeutia Udongo Chumvi

Ukitaka kumjua Fundi ilibidi umtazame akitembea. Watu wa Uvira tuna ziwa upande mmoja na milima upande mwingine, na macho yetu hucheza kati ya hivyo viwili. Yeye alitazama mapaa. Alikuwa akisimama katikati ya barabara shingo nyuma, mdomo wazi, wenye baiskeli wakimkwepa na kumtukana, naye wala hasikii. Kisha macho yake yalishuka polepole ukutani mpaka chini kabisa, pale ukuta unapoingia ardhini, na hapo ndipo aliposimama muda mrefu zaidi. Sisi watoto tulidhani ameangusha kitu.

Kazi yake ilikuwa paratoneri, yale machuma yenye ncha yanayowekwa juu ya nyumba kubwa ili radi ikipiga ishuke kwa waya wa shaba mpaka udongoni bila kugusa mtu. Alizichunga zote za pwani yetu: ya kanisa, ya shule, ya ghala la pamba, ya posta, na ile ya maternite, nyumba ya kuzalia iliyokuwa juu kidogo ya mtaa wetu. Wazungu walimwita fundi, nasi tukafuata. Nitamwita hivyo hivyo hapa, ingawa jina lake nalijua vizuri. Huko kwetu jina hilo lilitajwa vibaya kwa miaka mingi, na sitaki mtu alisome akakumbuka matusi. Wapo mpaka leo wanaosema alikuwa mlozi, kwamba aliita radi ikamuua binti yake wa pekee. Mimi nilijua kuwa ni uongo, na nilinyamaza. Nisingeandika habari zake kama nisingekuwa na deni hilo la maneno.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Alivaa kofia ya kazini hata kanisani, akaivua mlangoni na kuiweka juu ya goti. Hakupenda kupaza sauti. Ukimpigia kelele alikungoja umalize, kisha akajibu neno moja, na neno lenyewe mara nyingi lilikuwa swali. Binti yake Feza, rika langu na rafiki yangu, alikuwa kinyume chake kabisa: alicheka kwa sauti, aliongea akitafuna, na alimtania baba yake mbele za watu jambo ambalo sisi wengine tusingethubutu.

Alichomtania zaidi ni woga. Maana Fundi, mtu wa radi, aliogopa radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika aliacha kutafuna, chakula kikabaki mdomoni mpaka ya pili ipite. Na nyumba yake mwenyewe haikuwa na paratoneri. Ilikuwa nyumba fupi ya matofali mabichi na nyasi, na juu ya mlango ilining'inia pembe ndogo ya mbuzi yenye dawa ya kuzuia radi, aliyopewa na mama yake. Padri aliiona siku moja akamuuliza kama anaamini kitu kile. Fundi alisema kwamba haamini, ila mama yake anaamini, na mama yake huja kumtembelea. Pembe ikabaki palepale. Feza alisema baba yake ana Mungu mmoja, chuma kimoja na pembe moja, na akiwa na hofu hajui aite kipi kwanza.

Kitu kingine kilichomsumbua ni kona. Hakuweza kuvumilia waya uliopinda ghafla. Alisema radi ina haraka, ikikuta kona inaruka nje kama gari lililoshindwa kukata. Ugonjwa huo ulimfuata mpaka nyumbani. Njia ya kuingia kwake aliitengeneza iwe na mzunguko mpole, haina kona hata moja, na kando yake alipanda maua mekundu. Majirani waliiita njia ya radi. Mama yangu alikuwa hodari wa maneno, na kila alipopita hapo aliuliza kama leo radi imekwisha kunywa chai ao bado.

Nilimsikia akieleza kazi yake mara moja tu kwa urefu. Nilikuwa darasa la tano, akaja kukagua chuma cha shule, na mwalimu wetu akamwomba atuambie kinafanya nini. Alisimama mbele yetu na kofia yake mkononi, akatuuliza mto Mulongwe ukijaa maji ya milimani, nyumba zilizo kando yake zinaokolewaje. Mmoja akasema kwa sala. Mwingine akasema kwa kuchimba mfereji. Fundi akamnyooshea kidole huyo wa mfereji.

"Paratoneri haifukuze radi," alisema. "Iko inaichimbia mufereji."

Mtoto mmoja akauliza kwa nini basi tuiweke, kama inaikaribisha. Fundi alifikiri. Alisema nyumba ndefu iliyo chini ya mlima radi itaipiga tu, iwe na chuma ao isiwe nacho, na shauri lote ni itapitia wapi. Kisha akatutoa nje, akatuonyesha ncha juu ya paa, akatuonyesha waya, na mwisho akapiga goti akaweka kiganja chake juu ya udongo. Chini hapo, kina cha kiuno cha mtu mzima, kulikuwa na sahani ya shaba, pana kama sinia, imezikwa ndani ya makaa. Watu wote husifu ncha, alisema, kwa sababu inaonekana, lakini kazi iko huku chini. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ninajua kwamba niliyaelewa.

Uhuru ulipokuja, Mzungu aliyekuwa bosi wake aliondoka kwa gari akielekea Usumbura, na ndani ya gari kulikuwa na kisanduku cha kupimia udongo, kile chenye mkono wa kuzungusha. Fundi alikiomba. Mzungu alisema atakirudisha. Watu wakamtania Fundi kwamba sasa radi nayo imepata uhuru, itapiga inapotaka, haina tena bwana wa kuichunga. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Kesho yake aliamka saa ile ile, akavaa kofia, akaenda kukagua posta. Hakuna ofisi iliyomwagiza. Miaka ile mabosi walibadilika kama mashati, na kila bosi mpya alimkuta Fundi juu ya ngazi na kumuuliza yeye ni nani.

Badala ya kisanduku alijitengenezea kifaa chake: betri ya tochi, balbu ndogo ya baiskeli, na waya mrefu. Aliunga huku na huku, balbu ikiwaka alijua shaba haijakatika. Watoto walipiga makofi. Lakini balbu ilimwambia habari za shaba tu. Habari za udongo, kama utapokea radi ao utaikataa, hakuna kitu kilichomwambia tena. Kwa hiyo alishika alichoweza kushika. Kila mwaka kiangazi kinapokwisha, kabla ya mvua ya kwanza, udongo umekauka na kupasuka, alichimba kijifereji juu ya kila sahani, akamwaga chumvi ya mawe, kisha akabeba maji ziwani ndoo kwa ndoo na kunywesha pale mpaka pakawa tope. Udongo mkavu ni bubu, alisema. Udongo wa chumvi unasikia.

Sasa fikiria unaloliona wewe mwanamke wa Uvira uliyeshuka ziwani kuosha vyombo. Unaona mtu mzima, peke yake, anamwaga chumvi chini ya ukuta, anamwaga maji juu yake, midomo yake inacheza kwa sababu anahesabu ndoo. Wengine walisema analisha radi. Mama yangu akamuuliza kama hiyo radi yake inapenda na samaki pia. Fundi akajibu kwamba radi haipendi kitu, mama, udongo ndio unaopenda. Jibu hilo lilizunguka sokoni wiki nzima, na kila lilipozunguka liliongezewa kitu. Hakujali. Nadhani hakujua kwamba watu wanaweza kucheka leo na kuua kesho kwa neno lile lile.

Kisha waasi wakateka mji. Sitaeleza vita, wengine wameiona karibu zaidi yangu. Walikuwa vijana wengi, wenye majani kichwani, walionyunyiziwa maji ili risasi ziwageukie maji. Mkubwa wao alikaa katika nyumba ya ghorofa ya Mzungu mmoja, na ngurumo za Septemba zilipoanza milimani aliona kwamba dawa yake ni ya risasi tu. Akamwita Fundi. Akamwagiza ang'oe paratoneri ya maternite aje kuiweka juu ya nyumba ya mkubwa. Feza alinisimulia, maana alikuwa amejificha nyuma ya ukuta. Baba yake alivua kofia, akasema kwamba pale maternite wanalala wanawake ambao hawawezi kukimbia, na kwamba mkubwa ana miguu mizuri. Askari wakakamata bunduki. Mkubwa akatazama miguu yake mwenyewe, akaanza kucheka, akamfukuza. Ndivyo chuma kile kilivyobaki mahali pake. Aliiweka roho yake rehani kwa ajili yake, na ninataka hilo lijulikane kabla ya kueleza tulilolifanya sisi.

Barabara zilifungwa, mitumbwi ya biashara ikakoma, na chumvi ikaisha. Mtu ambaye hajakosa chumvi hawezi kujua. Samaki tulikuwa nao, ndagala, wale dagaa wa ziwani, tulikuwa nao, mihogo pia, na vyote vilikuwa kama kutafuna kitambaa. Wazee walikazwa na misuli ya miguu. Mama yangu alirudia ujuzi wa bibi yake: alichoma matete na maganda ya ndizi, akaweka majivu ndani ya kikapu, akamwagia maji, akachemsha yale yaliyochuruzika mpaka kikabaki kijivu kichungu chini ya chungu. Kilitosha kulamba tu.

Wakati huo huo Fundi alikuwa na kifuko kimoja cha chumvi ya mawe alichokiweka tangu mwaka uliotangulia. Hakikutosha paratoneri zote. Akachagua maternite, akakimwaga chote pale, na nyumbani kwake wakala bila chumvi kama sisi. Feza alikuwa ameolewa, mumewe amekimbilia ng'ambo ya ziwa, naye amerudi kwa baba yake akiwa na mimba ya miezi saba. Alikuja kwetu akakaa juu ya jiwe la kusagia, akacheka kidogo, kisha akalia.

"Papa amepatia udongo chumvi," alisema, "minye ananinyima."

Siku chache baadaye mama yangu aliona mbuzi wa jirani wamesimama chini ya ukuta wa maternite, wanaramba ardhi. Aliwatazama muda mrefu. Hakusema kitu mpaka siku ile waasi walipowaita watu wote uwanjani kusikiliza hotuba. Saa nane mchana, mtaa mzima uko uwanjani, yeye akachukua jembe, mimi nikachukua vikapu viwili.

Udongo wa juu ulikuwa mzuri, na kadiri tulivyoshuka ulizidi kuwa mzuri, una weupe weupe, ukiugusa kwa ulimi unachoma. Miaka mingi ya chumvi ilikuwa imeshuka huko. Tulichimba mpaka kiunoni mwangu, na hapo jembe likagonga sahani. Mama alitaka udongo wa chini yake. Nilimwambia hii ni ya paratoneri. Alisimama ndani ya shimo, akanyoosha mkono akaonyesha paa, ncha ikiwaka juani.

"Chuma yenyewe iko kule," alisema. "Nani ameigusa?"

Nami niliyefundishwa, niliyeona kiganja cha mtu yule juu ya udongo, nilitazama juu nikaona ncha iko salama, na nikaridhika. Niliridhika kwa sababu nilitaka chumvi. Tuliivuta sahani wote wawili. Iliungana na waya kwa kiungo kilichokuwa kijani kwa uzee, ikakatika bila ubishi. Tulipomaliza kujaza vikapu, tukarudisha udongo mwingine, tukaukanyaga, ncha ya waya tukaizamisha mle, na mtu aliyepita hangeona kitu. Sahani tulienda nayo nyumbani. Mama aliitumia kukaushia chumvi juani.

Tulipata chumvi ya kweli, ya rangi ya kijivu, na majirani walikuja kila mmoja na jani lake. Mama hakumnyima mtu. Mimi mwenyewe nilimfungia Feza ya kwake, akaondoka nayo ameikumbatia. Jioni ile walikula vizuri. Fundi aliuliza imetoka wapi, akaambiwa ni ya majivu ya matete, na kesho yake alipita kwetu kumshukuru mama yangu. Alisema hajawahi kuona mwanamke mwenye akili namna ile. Mama alimjibu kitu cha mzaha na kuingia ndani. Fundi alikuwa ametoka kukagua maternite. Betri zilikuwa zimekwisha mjini kote, balbu yake haikuwa na kazi tena, kwa hiyo alikagua kwa macho.

Mvua iliyotuhukumu ilikuja alasiri, wingu limeteremka kutoka milima ya Bijombo, jeusi na zito kwa upande wa chini. Feza alikuwa amerithi woga wa baba yake, ingawa alimcheka. Fundi alimshika mkono akampeleka maternite kama alivyofanya kila radi ilipoanza tangu mimba ikue. Walipita mbele ya ua wetu. Alitusalimu, akatuambia twende nao, nyumba ile ndiyo nzuri kuliko zote za Uvira wakati wa radi.

Nilifungua mdomo. Mama alinitazama. Si jicho la hasira, lilikuwa jicho la kuomba, na mama yangu hakuwa mtu wa kuniomba. Nikafunga mdomo. Feza alitembea polepole kwa sababu ya tumbo, kwa hiyo nafasi ilikuwepo, tena kubwa. Nilikuwa naweza kusema kabla hawajamaliza kupita ua wetu, ningeweza kukimbia nikawafikia kwenye lango la maternite. Nimeipima njia ile mara nyingi baadaye. Hakuna aliyenizuia isipokuwa mimi.

Radi ilipiga ncha, kama inavyotakiwa. Ilishuka kwa waya, kama inavyotakiwa. Chini haikukuta njia, ikaruka ikapita ukutani kwenda kwenye kitanda cha chuma alichokuwa amekikalia Feza. Mwuguzi aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo alitoka mzima. Fundi alikuwa mlangoni, akatupwa nje, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Feza alikufa na mtoto wake.

Kesho yake waasi walimsimamisha mbele ya watu. Yale ya kulisha radi yakasemwa, ya pembe yakasemwa, ya kumkatalia mkubwa paratoneri yakasemwa pia: kumbe aliitaka pale ili apate pa kumtoa binti yake kafara. Waliosema walikuwa wameonja chumvi yetu asubuhi ile. Walimwuliza ana neno gani. Damu ilikuwa imekauka chini ya sikio lake, naye hakuwatazama wao, alitazama paa la maternite.

"Sijue," alisema. "Sijue nilikosea wapi."

Walilichukua kuwa ni kukiri. Kilichomwokoa ni kwamba hakuna aliyethubutu kumgusa mtu wa radi. Walimpa mpaka mvua itakayofuata awe ameondoka. Feza walimzika wao wenyewe, mbali, yeye akiwa amefungiwa. Alitoka Uvira kwa miguu kuelekea uwanda wa Ruzizi, bila kofia. Baada ya hapo vijana walipanda mapaa wakang'oa paratoneri zote, ya kanisa na ya shule na ya posta. Mama yangu alitupa sahani ziwani. Mara moja nilimwambia nitasema, akaniambia kwamba watatuua, na kwamba hata wakituua Feza hataamka. Maneno yote mawili yalikuwa kweli. Niliyashika kama mtu anavyoshika fimbo, nikayatembelea miaka.

Waasi waliondoka, askari wa serikali wakarudi, nikaolewa, nikawa mwalimu wa watoto wadogo. Ngurumo ikilia wanafunzi wangu walijificha chini ya madawati, nami sikuwa na la kuwaambia. Mama alipokuwa anakufa hakuzungumza juu ya kitu kingine. Aliniambia nimtafute yule mtu nimwambie, kwa sababu yeye ameshindwa. Hata hivyo nilikaa miaka mingine miwili.

Nilimkuta kijiji cha Kiringye, huko uwandani. Watu wa pale walinionyesha nyumba yake bila kuuliza, walimjua kama mzee wa mihogo, mtu mtulivu asiyesikia vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje akimenya karanga. Mikono ilikuwa ile ile, mwili ulikuwa umepungua nyuma yake. Nilisimama upande wa sikio baya, ikabidi nizunguke. Alinitambua kwa sauti. Alinikaribisha, akanipa kiti chake, yeye akakalia kinu kilichopinduliwa, na akauliza habari za mama yangu. Nilisema amefariki. Akasema alikuwa mtu mwema, aliwapatia chumvi wakati ule.

Sikuweza kuanza. Nikauliza kazi, kama mtu anavyouliza. Alisema watu wa kanisa la pale walimwomba awawekee paratoneri, wamesikia aliijua zamani, akawakatalia.

"Ile kitu haitumike," alisema. "Ao Wazungu walitudanganya, ao minye sikuielewa. Sitaweka bantu chini yake tena."

Nilimwambia. Sikuyapanga vizuri, nilianza na mbuzi, nikarudi kwenye chumvi, nikaenda kwenye jembe. Nilipofika kwenye sahani aliacha kumenya. Aliinama akaniletea sikio zima, karibu sana, hata nikaona mvi ndani yake.

Akaanza kuniuliza, kwa sauti ile ile ya zamani isiyopanda. Tulichimba kina gani. Sahani ilitoka yote ao ilivunjika. Kiungo kilikatikia upande wa sahani ao wa waya. Waya ulibaki umegusa udongo kiasi gani, na ulikuwa udongo gani, ule wa chumvi ao mwingine. Nilijibu kila kitu. Alinirudisha nyuma, akataka nieleze tena tangu jembe lilipogonga, nami nikaeleza tena. Alikuwa anafuata kwa kidole juu ya goti lake, anashuka taratibu, na kidole kilipofika mwisho kikasimama.

Nikasema kwamba alipita mbele ya ua wetu na nilikuwa najua. Nikasema sikuja kujitetea. Nilipiga magoti, nikamwomba anisamehe mimi na mama yangu kwa jina baya lililomfuata.

Alitikisa kichwa, hakuonekana kunisikia, nikadhani ni sikio. Nilitaka kurudia, akainua mkono.

"Jina haikunisumbua," alisema. "Miaka yote nilijua minye si mulozi. Lakini sikujua tena kama minye ni fundi." Alisimama, akakaa tena. "Nilimushika mukono minye mwenyewe. Kila siku najiuliza, nilimupeleka mutoto wangu wapi? Kumbe nilimupeleka pahali pazuri."

Ningependa kuandika kwamba alinisamehe, ao alinifukuza, na lolote kati ya hayo lingenipumzisha. Nilimwuliza, kwa sauti ndogo, kama ana neno kwangu. Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na macho yake hayakuwa na ubaya.

"Weye tutaongea siku ingine, mama," alisema. "Leo niache nimulilie Feza."

Niliinuka, nikafuata kijia cha mihogo. Sikuwa nimefika barabarani nilipomsikia. Alilia kwa sauti, akimwita kwa jina, na majirani wakatoka majumbani wakikimbilia kwake, wanaulizana ni nani amekufa.